Kuokoa na Kutibu Kasa Waliojeruhiwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sisi tunaohudumia kasa wagonjwa huulizwa maswali yale yale mwaka mzima. Mengi huja kwa simu: mtu amesimama ufuoni, kasa yuko miguuni pake, na sauti inamtetemeka. Majibu ya mwanzo nimeyapanga kwa ajili ya mtu huyo. Kama ndiwe, soma matatu ya kwanza kisha upige simu. Mengine yatakungoja.

Nimemkuta kasa hai ufuoni, hasogei. Nimsukume arudi majini?

Usimsukume. Najua moyo unakuambia kwamba kwao ni baharini, na wanaofanya kosa hili karibu wote ni watu wenye huruma. Lakini kasa anapumua hewa kama wewe. Aliye mzima hupanda juu, huvuta pumzi moja, huzama tena, na haimgharimu kitu. Mgonjwa hana nguvu ya kupanda. Akisukumwa na mawimbi hadi mchangani, pale mchangani ndipo anapoweza kupumua bila kulazimika kuogelea. Ukimrudisha majini, kuna hatari kubwa kwamba atazama asiibuke.

Kabla ya yote, hakikisha kweli ni mgonjwa. Jike aliyepanda usiku akachimba shimo yuko kazini: atataga, atafukia, ataondoka mwenyewe, na shughuli yote huweza kuchukua saa moja hadi mbili au zaidi. Zima tochi, kaa nyuma yake na kwa mbali. Huko Hawaii na visiwa vya Galápagos, kasa wa kijani hupanda mchangani mchana kweupe kuota jua tu, na hawahitaji msaada wa mtu.

Mgonjwa ana dalili zake. Macho yamezama ndani, shingo imenyauka, gamba la tumboni limebonyea kama sahani badala ya kuwa bapa. Mwani na vijikome vyeupe vimeganda hadi kwenye ngozi laini ya shingo na makwapa. Au ana jeraha la wazi, au uzi wa mshipi unaning'inia mdomoni.

Nifanye nini wakati nangoja msaada?

Piga simu kwa mamlaka ya wanyamapori au ya uvuvi, kwa walinzi wa hifadhi ya bahari, au kwa kituo cha kasa kilicho karibu, yeyote utakayempata kwanza. Tuma picha na mahali ulipo, kisha ufuate wanachokuambia. Spishi zote saba za kasa wa baharini zimo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na katika nchi nyingi kumbeba au kumfuga bila kibali ni kosa la jinai, hata kama nia yako ni njema.

Wakati unangoja, mtilie kivuli. Jua likiwa kali, mfunike gamba kwa taulo lililoloweshwa, ila matundu ya pua yawe wazi. Ikiwa kuna baridi, achana na taulo la maji. Usimlishe wala usimnyweshe. Watu wakae mbali na mbwa wafungwe.

Ukiambiwa umbebe, shika gamba: mkono mmoja nyuma ya shingo, mwingine juu ya mkia. Usimvute kwa mapezi, maana viungo vyake huteguka. Usimlaze chali. Mapafu ya kasa yamelala juu, chini tu ya gamba la mgongo, na akigeuzwa, matumbo yote huyaangukia. Garini mlaze juu ya sponji, au juu ya tairi kuukuu lililofunikwa taulo ili asiteleze. Chombo kisiwe na maji hata kidogo, kwa sababu kasa aliyeishiwa nguvu hukilaza kichwa chake, na maji ya kina cha kiganja yanatosha kumuua. Vaa glavu, kwani kasa hubeba vijidudu kama salmonela. Vidole vikae mbali na mdomo: duvi, yule kasa mwenye kichwa kikubwa, hula kaa na konokono wa baharini kwa kuwapasua kwa taya.

Amenaswa wavuni, amelegea, hapumui. Ndiyo amekufa?

Huenda bado. Hapa nakuomba unisikilize vizuri.

Kasa aliyezuiwa chini ya maji hupambana. Misuli yake humaliza oksijeni, asidi hujaa katika damu, na mwisho huzimia. Akipandishwa chomboni anaonekana maiti kabisa: kichwa kinaning'inia, jicho halipepesi. Lakini moyo unaweza kuwa unapiga polepole na kwa unyonge kiasi kwamba huwezi kuusikia kwa sikio wala kuuhisi kwa vidole. Kumtupa baharini akiwa hivyo ni kumzamisha mara ya pili.

Mlaze kifudifudi. Inua sehemu ya nyuma kwa sentimita 15 au zaidi, ili maji yaliyoingia mapafuni yatiririke. Mweke kivulini, ngozi iwe na unyevu. Kila baada ya muda, mwinue kidogo upande mmoja wa gamba, umshushe, kisha upande wa pili. Mguse ukope taratibu, au umbane mkia kidogo, uone kama ataitikia. Kisha ungoje. Taratibu zinazofundishwa kwa wavuvi husema umpe hadi saa 24 kabla ya kukata tamaa, na kuna wanaozinduka baada ya saa nyingi za ukimya. Zamani watu walifundishwa kumkandamiza gamba la tumbo kana kwamba wanampigisha pumzi. Njia hiyo imeachwa, kwani humdhuru.

Kuna jambo jingine ambalo halikujulikana mpaka hivi karibuni. Iliaminika kwamba mnyama anayezama kwa pumzi moja hawezi kupata ugonjwa wa wapiga mbizi, ule wa mapovu ya gesi katika mishipa ya damu. Mwaka 2014 madaktari wa wanyama wa Valencia, Hispania, walionyesha kwamba duvi waliopandishwa na nyavu za wavuvi walikuwa nao. Walipowekwa katika chumba cha shinikizo, kama anavyotibiwa mpiga mbizi, baadhi yao walipona. Maana yake ni kwamba kasa anaweza kutoka wavuni akitupa mapezi kwa nguvu, ukamwachia kwa furaha, naye akafa saa kadhaa baadaye pasipo mtu wa kumwona. Kama kuna daktari anayefikika, mpeleke hata kama anaonekana mzima.

Ana ndoana mdomoni. Niitoe?

Kama anapelekwa kwa daktari, iache. Kata uzi, lakini bakiza nusu mita au zaidi nje, uufunge usimnase mapezi. Uzi huo ndio utakaomwongoza daktari hadi ilipo ndoana. Kama uko katikati ya bahari, huna njia ya kumfikisha popote na ndoana imemezwa, basi kinyume chake: kata uzi karibu kabisa na ndoana uwezavyo, kwa sababu uzi unaobaki ni hatari kuliko chuma.

Uzi ukitokeza nyuma, kwenye tundu la haja, usithubutu kuuvuta. Ncha nyingine inaweza kuwa imeshikamana na ndoana tumboni. Utumbo hujikunja juu ya uzi kama kitambaa juu ya uzi wa kushonea uliovutwa, na ukivuta, uzi unaukata kama waya.

Akifika kituoni anaanza kufanyiwa nini?

Hupimwa uzito na urefu wa gamba, hutolewa damu kwenye mshipa wa shingoni, huangaliwa sukari, hupigwa eksirei. Halafu dripu, maana wengi hufika wamekauka. Dawa hupewa kwa mwendo wa mwili wake: mwili wa kasa huzitoa polepole sana, kiasi kwamba antibayotiki moja tunayoitumia sana, seftazidime, hudungwa mara moja tu kila baada ya siku tatu.

Aliyeganda vijikome mara nyingi huwekwa kwanza katika maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Nakumbuka duvi mmoja aliyefika akiwa ameviringwa na vijikome hivyo mpaka kope. Hukuona rangi ya gamba. Tulimweka katika maji machache, kichwa kikiegemea taulo lililokunjwa, na usiku ule zamu ilikuwa yangu. Vijikome havitaki maji yasiyo na chumvi. Asubuhi vilikuwa vimelegea, na kila nilipopitisha kidole vilidondoka na kugonga chini ya tangi kama punje za mchele. Ruba nao walikuwa wamejiachia. Chini ya takataka yote hiyo palikuwa na gamba la rangi ya kahawia nyekundu, na jicho moja lililofunguka nusu likanitazama. Akavuta pumzi, ile pumzi ya kasa yenye kishindo, kama mtu aliyetoka kubeba mzigo.

Chakula hakiharakishwi. Mwili uliokaa na njaa kwa miezi ukijazwa ghafla huvurugika chumvi za damu, na mnyama anaweza kufa akiwa na tumbo lililoshiba. Kwa hiyo tunaanza na maji, kisha uji mwembamba kwa mpira, kisha kipande kimoja cha ngisi. Siku anapokidaka mwenyewe hicho kipande, habari huenea kituo kizima.

Amepigwa na boti na gamba limepasuka. Linaweza kupona?

Mara nyingi ndiyo, na hili huwashangaza watu. Wengi hudhani gamba ni nyumba anayoivaa. Gamba ni mfupa: mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, lina damu na lina maumivu. Rafadha ikilikata linavuja damu kama mfupa wowote, na ufa ukiwa wa kina unaweza kuona pafu likipanda na kushuka.

Hutibiwa kwa kusafishwa, kuondolewa vipande vilivyokufa, na pengine kuunganishwa kwa vibati vya chuma na gundi ngumu. Asali hutumika pia, na si kwa uganga: huvuta maji kutoka kwenye kidonda na bakteria hawastawi ndani yake. Kisha ni kungoja. Mfupa wa kasa hujijenga kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kinachoamua hatima yake ni uti wa mgongo. Ukikatika, mapezi ya nyuma hayafanyi kazi, na hapo tunaanza kuzungumza lugha nyingine.

Kwa nini kuna kasa anayeelea tu, makalio juu, hawezi kuzama?

Kuna hewa mahali isipopaswa kuwa. Pengine pafu limetoboka na hewa imejaa chini ya gamba, pengine utumbo umeziba na gesi imekusanyika, pengine ni nimonia ya pafu moja, na huyo huelea kwa upande. Kasa asiyezama hawezi kula wala kukwepa boti, na mgongo wake huungua kwa jua.

Hewa inaweza kuvutwa kwa sindano, lakini kama tundu bado lipo itarudi. Walioumia kudumu hubandikiwa vizito vidogo juu ya gamba ili walale sawa majini. Vizito hubanduka kadiri gamba linavyokua na hubidi vibandikwe upya, ndiyo maana kasa wa namna hii hubaki chini ya uangalizi maisha yake yote.

Uvimbe unaofanana na koliflawa shingoni na machoni ni nini?

Ni fibropapiloma. Unahusishwa na virusi vya jamii ya hepesi, na huwapata zaidi kasa wa kijani, hasa wadogo. Uvimbe wenyewe si saratani, lakini ukiziba macho mnyama haoni chakula. Hospitali ya kasa ya Marathon, Florida, iliyoanzishwa mwaka 1986, imewafanyia upasuaji wagonjwa wengi wa aina hii. Uvimbe hukatwa kwa leza, ambayo huziba mishipa ya damu papo hapo. Unaweza kurudi, na wengi hufanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja. Wagonjwa hawa hukaa katika matangi yao peke yao, na maji yao hayachanganywi na ya wengine. Uvimbe ukiwa umeingia kwenye mapafu au figo, matumaini huwa madogo sana.

Je, kasa huumwa na baridi?

Sana. Joto la mwili wake hufuata la maji. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi hivi, viungo hufa ganzi na mnyama huelea kama gogo. Februari 2021 baridi kali ilipiga Texas, na kasa zaidi ya 12,000 waliathirika. Watu waliwachota kwa mashua na magari ya pikapu, na maelfu walilazwa safu kwa safu sakafuni mwa jumba la mikutano la kisiwa cha South Padre.

Ukimpata wa hivi, usimpashe moto, usimweke kwenye hita. Hurejeshewa joto nyuzi mbili tatu kwa siku. Ukimharakisha, mwili huamka kabla moyo haujawa tayari.

Plastiki huwadhuru vipi hasa?

Koo la kasa limejaa miiba iliyoelekea ndani. Kazi yake ni kuzuia chakula kisiponyoke wakati anatema maji ya chumvi. Kwa hiyo mfuko aliouuma akidhani ni konyeza hauwezi kurudi nje kirahisi. Ukishuka, unaweza kuziba utumbo au kujaza tumbo akajiona ameshiba. Tiba huwa ni maji mengi, mafuta ya kulainisha choo, na siku nyingi za kuchunguza kinyesi. Ni kazi isiyo na picha nzuri. Nimewahi kuchambua kinyesi cha kasa mchanga asiyezidi ukubwa wa sahani nikapanga vipande mezani: kamba ya nailoni, kipande cha puto, kifuniko, vipande vigumu vyeupe vilivyosagika kingo. Nilipofika cha thelathini niliacha kuhesabu.

Machozi yale, analia kwa maumivu?

Anatoa chumvi. Tezi nyuma ya macho huichuja kutoka mwilini, na aliye mzima hutoa pia. Maumivu anayo, lakini hujulikana kwa namna nyingine: kufumba macho kwa nguvu, kukataa chakula, kulala kona moja ya tangi.

Nimeokota vitoto vya kasa. Niviweke kwenye ndoo ya maji?

Usitie maji. Vilivyo na nguvu viache vitambae vyenyewe hadi baharini, na uzime taa zote zilizo karibu, kwa sababu hufuata mwanga. Kilicho dhaifu kiweke kwenye chombo chenye mchanga wenye unyevu, gizani na mahali tulivu, kisha upige simu. Kitoto hutoka na akiba ya kiini cha yai mwilini, ndiyo nguvu ya kuogelea siku zake za kwanza. Ukikiweka ndooni kikapiga makasia usiku kucha, umeimaliza akiba hiyo bure.

Aliyekatwa pezi ataweza kuishi baharini?

Wa mapezi matatu, ndiyo. Huogelea, hupiga mbizi na hujilisha, na wengi wameachiwa. Aliyepoteza yote mawili ya mbele haachiwi, maana hayo ndiyo anayopigia makasia. Ya nyuma ni usukani, na kwa jike ndiyo majembe ya kuchimbia kiota.

Kuna msiowapokea au wasiopona?

Wapo. Noa, yule mkubwa mwenye gamba kama ngozi, anaweza kupita kilo 500 na hajui ukuta: huogelea mbele tu mpaka ajichubue pua tangini. Mara nyingi hutibiwa pale pale ufuoni. Na wapo ambao uti umekatika au mapafu yamejaa uvimbe, na daktari huamua kuwapumzisha kwa sindano. Nimeshika taa katika chumba hicho. Sijaona daktari aliyelifanya kwa wepesi, na sijaona ambaye nilidhani amekosea.

Kazi yote hii kwa kasa mmoja, ina faida gani?

Inakadiriwa kwamba katika vitoto elfu, kimoja tu hivi hufikia utu uzima, na kwa kasa wa kijani safari hiyo huchukua miaka 20 hadi 30 au hata zaidi. Jike mpevu unayemwona mezani ni yule mmoja. Akirudi baharini anaweza kutaga kwa miongo kadhaa.

Wakati huo huo, sikubali mtu aseme hospitali ndizo zitakazookoa kasa. Kizuizi cha vyuma kinachofungwa ndani ya nyavu za kukokota, kinachomwachia kasa mlango wa kutokea, kikiwekwa sawasawa huwatoa kama asilimia 97 ya wanaoingia. Matangi hayawezi kushindana na hilo. Lakini kila mgonjwa hutuonyesha kinachoendelea huko nje: aina ya ndoana, ya wavu, ya plastiki. Ndiyo maana hata ukimkuta amekufa tunakuomba utoe taarifa. Uchunguzi wa maiti hueleza mengi.

Mnajuaje kwamba yuko tayari kuondoka?

Damu iwe sawa, uzito umerudi, kidonda kimefunga. Azame hadi chini ya tangi na atulie huko. Adake kaa au samaki aliye hai mwenyewe, na akimwona binadamu amkimbie, asimfuate kwa kutegemea chakula. Kwa sababu hiyo hatuwasemeshi wala kuwapapasa, jambo ambalo wageni huliona ni ukali.

Yule duvi wa vijikome alikaa nasi miezi saba. Wiki ya mwisho alikuwa akininyunyizia maji usoni kwa pezi kila nilipokaribia, nikaandika kwenye karatasi yake: tayari.

Na baada ya hapo mnamfuatiliaje?

Kabla ya kuachiwa hufungwa vibati vya chuma vyenye nambari kwenye mapezi, na chipu ndogo hudungwa chini ya ngozi. Wachache hubandikiwa kifaa cha satelaiti mgongoni, ambacho hutuma taarifa kila anapoibuka kupumua, mpaka betri iishe au kidondoke. Wengi wao hatupati habari zao tena. Kwa hiyo ukikutana na kasa mwenye kibati pezini, akiwa hai au amekufa, usikitoe kwa aliye hai. Kipige picha pande zote mbili, andika tarehe na mahali, na utume. Nyuma ya kibati kwa kawaida kumeandikwa pa kupeleka.